Nimekodi lenzi ya kuvuta mbali, milimita 150-600, hapa Mwanza kwa ajili ya ndege mdiria, haya ndo majibu

Mlioniulizaga kuhusu lile duka la kukodisha vifaa vya kamera mjini, nimekaa na lenzi yao wikiendi nzima. Elfu 60 kwa siku na kitambulisho cha NIDA kinabaki kwao. Nikaenda nayo Igombe, pembeni ya Ziwa Victoria, kumpiga picha mdiria, yule mweusi na mweupe, akiwinda.

Lenzi yenyewe sina neno. Mdiria ni kandege kadogo bana, sio furukombe, bila milimita 600 unapata doa tu juu ya maji. Ila kabla hajazama anaganda hewani, mabawa yanapiga fasta mpaka huyaoni vizuri lakini kichwa hakitikisiki, mdomo kauelekeza chini, hapo ndo unashika fokasi, maana akishakunja mabawa umechelewa. Nilianza na spidi ya shata 1/1000 ya sekunde mabawa yakatoka kama moshi, nikapanda 1/3200, ISO (kamera inavyonasa mwanga) ikafika 1600, chenga kwenye picha zipo kidogo ila unaona mpaka matone yanavyomtiririka na furu, kale kasamaki ka ziwani, yuko mdomoni.

Sasa duka. Ile skrubu ya kubana kola ya tripodi (pete inayoshikiza lenzi kwenye stendi) imeisha meno, na mi nimekuja kugundua niko ndani ya mtumbwi tayari! Nawapigia naambiwa eti ulikagua ukasaini. Karibu kilo mbili mkononi masaa matatu, bega mpaka leo linauma. (Japo kiukweli tripodi kwenye mtumbwi ni mzigo tu, wimbi likija inayumba nalo.)

Aliyeniokoa ni mzee mwenye mtumbwi, nilimpa elfu 15 tu. Mi nahangaika kumfukuza ndege, memori kadi imejaa mikia, akaniambia "mwanangu acha kumkimbiza, huyu akisimama juu anaangaliaga upepo unakotoka, we kaa upande huo." Akazima mashine, tukakaa upepo mgongoni, aisee ndege akawa ananitazama usoni kabisa. Akazama, akatoka na furu, akatua kwenye mti wa nyavu akaanza kumpigiza pa pa pa kama mtu anafua soksi, ndo akammeza, kichwa kwanza. Yote ninayo.

Lenzi 5 kati ya 5, duka 2. Nitakodi tena maana sina hela ya kununua, ila safari ijayo skrubu naijaribu palepale kaunta, wanune wasinune.