Duka la umeme la Ngamiani: walikataa kuniuzia breka, nikaishia kununua boksi

Nianze na alama: nyota nne kwa tano. Ile iliyopungua nitaisema mbele. Ni duka dogo la vifaa vya umeme huku Ngamiani, kwenye barabara za namba, si mbali na soko la Mgandini. Jina silitaji kwa kuwa sijamuomba mwenyewe ruhusa, ila watu wa Tanga mkiambiwa duka la mzee wa kofia ya vito, lenye breka zilizoungua zimepigiliwa kwenye ubao ukutani, mtalijua.

Nina nyumba Chumbageni. Vyumba vya mbele nimepangisha, uani nina mafriza ya barafu na juisi, kwa hiyo umeme kwangu si wa taa na redio. Breka ya laini ya jikoni, yaani swichi inayojikata yenyewe mzigo wa umeme ukizidi, ilikuwa inajishusha kila mpangaji akichomeka jagi la kuchemshia maji, na karibu na boksi la ukutani zinamokaa breka kukawa na harufu ya plastiki inayoungua. Fundi wa mtaani akaibadilisha, ampea 20 kwa ampea 20, ya kampuni nyingine kwa sababu ndiyo aliyoikuta dukani siku hiyo. Ikawa vilevile. Akasema breka za siku hizi ni feki. Nikamwambia aitoe anipe, nikaenda nayo Ngamiani kutafuta nyingine.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Boksi lako la kampuni gani?”

Jamani, nani kawahi kuulizwa hivyo kwenye duka la umeme? Nilikozoea unaulizwa ampea ngapi, unapewa, unalipa, unaondoka. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akaitazama, kisha akaichukua breka niliyokwishaichagua, akairudisha kwenye rafu.

“Hii sikuuzii. Breka nzuri, lakini si ya boksi lako.”

Akatoa chini ya kaunta kipande cha reli, kile chuma kinachopachikiwa breka ndani ya boksi, akapachika breka za kampuni mbili ubavu kwa ubavu. Zote zikakaa barabara, kwa kuwa reli hizi zina upana wa milimita 35 karibu kwa kila mtengenezaji, na breka moja ina unene wa milimita 18 hivi. Hapo ndipo wengi tunaporidhika. Kisha akachukua basibaa, ule upau wa shaba wenye meno unaogawa umeme kwa breka zote kwa chini, akausukuma. Kwa breka ya kwanza jino liliingia hadi mwisho. Kwa ya pili mdomo wa breka ulikuwa juu kidogo, tofauti ya milimita chache tu, na jino likapita nyuma ya kibano kinachokazwa na skrubu. Akanipa bisibisi nikaze mwenyewe. Skrubu ilikaza vizuri kabisa, mkononi nikaisikia imegoma kuzunguka. Akavuta basibaa, ikatoka bila kushikwa na kitu.

Nikaelewa kwa nini fundi wangu angeapa kwa Mungu kwamba alikaza. Alikaza kweli, ila hapakuwa na kitu ndani ya kibano.

Jino likigusa kwa pembeni tu, umeme unapita lakini kwa tabu, na tabu hiyo inageuka joto. Hesabu yake ni fupi: kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 kikipitisha ampea 20 kinatoa wati 40, sawa na chuma cha kulehemia cha fundi redio, kikiwa kimefungiwa ndani ya boksi la plastiki. Breka inapima ampea, haina habari na skrubu iliyobana hewa. Wakati mwingine joto hilo linasafiri hadi ndani yake na kuukunja ule utepe wa metali mbili ambao kazi yake ni kujikunja mzigo ukizidi. Breka inashuka, na wewe unamlaumu mpangaji na jagi lake. (Jagi la wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 halifiki hata ampea 9. Halikuwa na kosa, na maneno niliyomwambia yule dada nimekwishayameza.) Wakati mwingine joto haliingii, breka inabaki juu, plastiki inaendelea kuungua polepole. Kwetu pwani ongeza upepo wa bahari: shaba isiyobanwa inashika kutu mapema, na kutu inaongeza ukinzani.

Nikamuuliza mzee: mbona breka zote zimeandikwa 6000 usoni, na zote zina namba ya kiwango cha kimataifa, IEC 60898? Akasema namba hiyo inahusu breka peke yake, na 6000 ni kwamba inaweza kuikata shoti ya hadi ampea 6,000. Boksi kamili, yaani meni swichi, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja), basibaa na breka zake, lina kiwango kingine, IEC 61439-3, na huko vitu hupimwa vikiwa pamoja, joto na shoti. Ukichukua breka ya huyu ukaipachika kwa yule, mkusanyiko ulio ukutani kwako hakuna maabara iliyoupima. Uingereza kanuni zao za nyaya, BS 7671, zinamtaka fundi afuate maelekezo ya mtengenezaji wa boksi, na anayechanganya anajibebesha dhamana ya mtengenezaji. Tena tangu Januari 2016 maboksi ya majumbani kule yanatakiwa yawe ya kitu kisichoshika moto, kama chuma. Nimeyasoma baadaye, na mzee hakuongeza chumvi.

Mtauliza habari za mita ya LUKU, maana nayo ni ya kampuni nyingine. Hiyo haina neno. Iko nje ya boksi na inaungwa kwa waya, haitafuni meno ya basibaa ya mtu. Hata ndani ya boksi, wale wa zamani waliounganisha breka hadi breka kwa vipande vya waya badala ya basibaa hawana tatizo hili la mdomo kutolingana, ingawa la vipimo linabaki palepale.

Nakiri nilishuku. Mfanyabiashara anayekukatalia kitu cha shilingi 9,000 huenda ana cha laki anachokusogezea. Lakini hakunisogezea chochote. Alinielekeza maduka ya upande wa Barabara ya Taifa nikatafute breka ya kampuni ya boksi langu. Nikazunguka, hakuna, toleo lile limeshaachwa kuletwa. Ndipo nikarudi mwenyewe kununua boksi jipya la chuma na vyote vya ndani vya mtengenezaji mmoja, RCD ya miliampea 30 ikiwemo. Risiti ya EFD nilipewa bila kuidai. RCD ndiyo iliyoniuma mfukoni, na nilisubiri itoke Dar.

Fundi waliyenipa alikuja kwa baiskeli, kama Tanga inavyotakiwa, na kabla ya kugusa kitu akanionyesha leseni yake ya EWURA. Alikuwa na bisibisi ya kupimia mkazo, inayolia ikifika kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo ya boksi. Alipofungua lile la zamani, jino la laini ya jikoni lilikuwa jeusi, na plastiki nyuma yake imeiva rangi ya kahawa. Mengine yote yalikuwa yanang'aa. Kazi ilipoisha akanifundisha kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, akasema nikibonyeze kila baada ya miezi sita. Ufundi alitoza 60,000. Si bei ndogo kwa mji huu, lakini sikuona pa kulalamikia.

Sasa nyota iliyopungua. Mzee anakaa kaunta asubuhi tu. Mchana anakaa kijana, mpole, ana salamu nzuri, na anauza chochote unachokitaja. Nilimkuta anampa mama mmoja breka za kampuni tofauti za kuweka kwenye boksi moja, bila swali. Nikamwambia, “Mwanangu, muulize kwanza boksi lake.” Akacheka, akampa chenji yake. Kwa hiyo nenda kabla ya adhuhuri, Ijumaa uwahi zaidi maana wanafunga kwa ajili ya sala, na uwe na picha ya lebo iliyo ndani ya mlango wa boksi. Mfuniko wa skrubu usiufungue, huo mwachie fundi.