Mfumo wa wingu ulionifanya nimshuku mtunza stoo wangu

Ninaendesha kiwanda kidogo cha mikate Dar es Salaam, na kabla ya Ramadhani iliyopita tulimwajiri kwa mkataba mhandisi wa data kutoka kampuni ambayo sitaitaja, ili atujengee mfumo wa wingu, yaani wa kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, wa kukusanya hesabu za stoo na za magari ya kusambaza. Ninaandika nikiwa bado na hasira.

Magari yetu hupakia kuanzia saa sita usiku, mkate uwahi dukani kabla ya chai ya asubuhi. Tangu wiki ya kwanza ripoti ilipingana na daftari la stoo: leo mikate imepungua, kesho imezidi. Nilimpigia mhandisi simu. Bila hata kuuliza tunapakia saa ngapi, alinijibu, "Mama, mfumo hauna kosa. Mwangalie mtu wako wa stoo."

Nami, Mungu anisamehe, nilimwita mzee yule, aliyekuwa nasi tangu enzi za tanuri la kuni, nikamtaka aeleze mbele ya vijana wa kupakia mikate imekwenda wapi. Hakubisha. Aliweka daftari mezani akasema, "Mwanangu, jumlisha wiki nzima." Nilijumlisha, na jumla zikalingana.

Kosa lilikuwa kwenye saa. Mfumo uliikata siku kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, hivyo siku yake mpya ilianza saa tisa usiku wetu, na kila gari lililotoka kati ya saa sita na saa tisa lilihesabiwa kuwa la jana. Kuhifadhi muda kwa UTC ni desturi sahihi ya wahandisi, hilo ninalikubali; lakini kabla ya kugawa mauzo kwa siku ni lazima saa zigeuzwe kuwa za Afrika Mashariki, ambazo hazibadiliki mwaka mzima. Marekebisho yenyewe hayakumaliza hata saa moja.

Nilikusudia kuwaonya watu wasimwajiri mtu yeyote wa kazi hii, lakini hiyo haitakuwa haki. Sasa kila asubuhi naona ni njia ipi inarudisha mikate mingi, tumepunguza uokaji wa Jumapili, wala sikeshi tena na kikokotoo. Mhandisi wa data anayekubali kukaa kiwandani usiku mmoja kabla ya kujenga chochote anastahili kila shilingi. Kwa mfumo wenyewe ningetoa hata nyota nne.

Ila nikikumbuka uso wa mzee, nyota hizo nazirudisha zote. Nilimwomba mhandisi aje amtake radhi. Alichotuma ni ankara ya marekebisho, na sijailipa. Mimi nimekwisha kumwomba mzee radhi mbele ya vijana walewale. Bado anaandika daftari lake kila usiku, na nimeagiza kwamba ripoti isipolingana nalo, wa kwanza kuulizwa awe mhandisi.