Tahadhari: mabomba ya uzio "yaliyokwisha pigwa praima"

Ndugu zangu mnaoweka uzio, kaeni macho na muuzaji anayewaletea mabomba mapya yakiwa mekundu tayari, na kauli moja mdomoni: "Praima ipo, weka rangi yako tu." Praima ni rangi ya kwanza, ya kushika chuma na kuzuia kutu, lakini mara nyingi hiyo ni rangi nyekundu iliyozimuliwa kwa petroli mpaka ikawa maji, ikapulizwa juu ya bomba lenye mafuta bila hata kupitishwa kitambaa.

Bomba jeusi jipya hupakwa mafuta lisishike kutu ghalani, na chini ya mafuta hayo mabomba mengi huwa na gamba jembamba la kijivu lililobaki chuma kilipopitishwa motoni. Juu ya mafuta rangi haishiki. Gamba nalo huachana na chuma polepole, na likibanduka linaondoka na rangi yote iliyo juu yake. Siku ya malipo uzio unang'aa. Mvua zikipiga, malengelenge yanaanzia kwenye maungio. Ukimpigia muuzaji atakwambia rangi uliyopaka wewe ndiyo mbovu. Utabishaje, na safu ya juu ni yako?

Kabla ya kutoa hela, pitisha kiganja juu ya bomba. Kikibaki na vumbi jekundu, acha. Kwaruza kwa sarafu: praima ya kweli inaacha mchoro mwembamba, ya ujanja inabanduka vipande. Muuzaji akikukataza kukwaruza, jibu umeshapata.

Kuna na ndugu yake, anayeuza bomba la rangi ya fedha kama bomba la zinki, yaani la chuma kilichopakwa zinki. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu chuma cha ndani ni kilekile. Lowesha kitambaa kwa thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, usugue: zinki haitoki, rangi inatoka. Chungulia na ndani ya bomba pia. Aliyepuliza rangi ya fedha kwa kawaida hupuliza nje tu. Tena hata zinki ikiwa ya kweli, usikubali fundi aipake rangi ya kawaida ya mafuta moja kwa moja, itamenyuka. Inataka praima yake.

Mliokwisha nunua hayo mekundu, msipake chochote juu. Futeni mafuta kwa thina na vitambaa safi, kisha brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Palipochomelewa gongeni makoko yote, maana kutu hupenda kuanzia hapo. Praima ipigwe siku hiyohiyo, chuma kikiwa kikavu, isilazwe hadi kesho. Maungio yapakwe kwanza kwa brashi, ndipo bomba zima. Juu yake rangi mara mbili, na kila kopo lifunguliwe mbele yenu. Fundi anayekuja na rangi iliyokwisha changanywa kwenye ndoo arudi nayo alikotoka.