Tufe la kuotesha mizizi tawini: kibanio kilivyoniponza

Nilikuwa nimekusudia kulisifu tufe hili, na kwa majuma kadhaa nililisifu kweli kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Ni vikombe viwili vya plastiki angavu vinavyobanwa pamoja kwa kibanio kuzunguka tawi lililochunwa gamba, vikihifadhi ndani yake sfagnamu, mmea laini unaoshika maji kama sifongo, iliyoloweshwa na kukamuliwa; tawi likishaota mizizi humo, hukatwa na kupandwa kama mti mpya. Nilinunua matufe mawili ili nipate bonsai mbili, yaani miti midogo ya kukuzwa chunguni, kutoka kwenye mti wangu mmoja wa mepo ya Kijapani, nikaachana na nailoni na kamba nilizozoea.

Kazi niliifanya kwa utaratibu. Nilisubiri majani mapya yakomae, nikachuna gamba pete nzima yenye upana mara mbili ya unene wa tawi, kisha nikapaka homoni ya kuotesha mizizi kwenye ukingo wa juu wa jeraha, kwa kuwa sukari inayoteremka kutoka majanini hukwama hapo na ndipo mizizi huchomoza, ilhali maji huendelea kupanda kupitia mti wa ndani. Tufe nililifunika kwa karatasi ya fedha ili lisipate mwanga. Baada ya miezi miwili hivi niliifunua, nikaona mizizi myeupe ikitokeza pande zote za tawi la kwanza, jambo ambalo mpenda bonsai hulitamani kuliko yote, kwa maana mizizi hiyo ndiyo itakayotanuka juu ya udongo na kuupa mti mdogo sura ya uzee.

Kisha kibanio kikakatika. Hakuna aliyeligusa tufe. Ni kijiplastiki chembamba kama njiti ya kiberiti, kilichoachwa kibebe uzito wote wa sfagnamu yenye maji, juani. Nilipogundua, nusu moja ilikuwa ikining'inia, sfagnamu imekauka kau, na mizizi imekuwa ya kahawia, ikivunjika kwa kuguswa tu.

Nilimwandikia mhudumu wa wauzaji kwa adabu, nikaambatanisha picha ya kibanio. Jibu lake lilikuwa sentensi moja: “Ndugu mteja, tufe halioteshi mizizi, mizizi huoteshwa na anayeijua kazi.” Kuhusu kibanio, hakusema neno. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, na kila mara niliona ubaya mpya katika tufe lile: rangi yake, harufu yake, hata kisanduku lililokujia.

Kwa hasira nikafungua tufe la pili, ambalo halikuwa limeonyesha mzizi wowote, nikitarajia kupata ushahidi zaidi. Sfagnamu ilikuwa na unyevu uleule wa siku niliyoifunga, jambo ambalo nailoni yangu haijawahi kuniwezesha. Lakini uzi wa gamba jipya ulikuwa umevuka jeraha kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, tawi likapata tena njia ya kuteremsha sukari na halikuwa na haja ya kuotesha chochote. Hilo ni kosa langu: sikukwangua vya kutosha lile tabaka la utelezi lililo chini ya gamba. Kwa hiyo mhudumu alisema kweli kuhusu tawi la pili, ambalo hata sikuwa nimemtajia, na ukweli huo umeniudhi kuliko uongo.

Nilikwisha kuamua kutoa nyota moja, unyevu ule ukanilazimisha kuongeza ya pili. Sasa nimeikumbuka ile mizizi ya kahawia, naiondoa. Tufe lililosalia nitalitumia tena msimu ujao, ila nitalizungushia waya uleule ninaopindia matawi ya bonsai.