CaDiCaL: kisuluhishi kinachopogoa kile kinachojifunza

Kwa mihula kadhaa nimekuwa nikiitumia CaDiCaL kupanga ratiba ya mitihani ya chuo ninachofundisha, kazi iliyokuwa ikitukesha mezani na karatasi na vifutio. Ni programu huria, iliyoandikwa kwa lugha ya C++ na Armin Biere wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, pamoja na wenzake, na leseni yake ya MIT inamruhusu yeyote kuitumia bila malipo. Unaipa fomula ya mantiki ya Buli, yaani vishazi vinavyoundwa na vigeu vya kweli au uongo, nayo inakupatia thamani zinazotimiza vishazi vyote, au inakuambia kuwa thamani hizo hazipo.

Ubora wake umo katika namna inavyofikiri. Mbinu ya Davis, Logemann na Loveland ya mwaka 1962 ilichagua thamani, ikafuata matokeo yake, kisha ikarudi nyuma mambo yalipogongana. Tangu programu ya GRASP ya mwaka 1996, visuluhishi, yaani programu za aina hii, huchunguza chanzo cha kila mgongano na kuandika kishazi kipya kinachozuia kosa hilo lisirudiwe. CaDiCaL haiishii hapo, kwani vishazi ilivyojifunza huvirudia na kuvipogoa. Chukua kishazi kinachosema «A au B au C au D». Programu hudhani kwa muda kuwa A na B ni vya uongo, na dhana hizo mbili zikileta mgongano zenyewe, basi «A au B» inatosha, na C na D hufutwa. Kishazi kilichofupishwa hivyo hukata njia nyingi zaidi za upotofu, na kila kinachojengwa juu yake baadaye hunufaika. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika programu hii.

Muhula uliopita siku za mitihani zilipunguzwa, na jibu likawa kwamba ratiba haiwezekani. Kwa bahati nilikuwa nimeifunga kila kanuni kwa kigeu chake cha kuiwasha na kuizima, hivyo niliweza kuiuliza programu ni kanuni zipi zilizoleta kushindikana. Ilinitajia tatu: ukumbi mkubwa kufungwa Ijumaa mchana, mwaka wa pili kutofanya mitihani miwili siku moja, na msimamizi kutozidisha vikao viwili kwa siku. Wasimamizi walikubali kikao cha tatu siku moja tu, na ratiba ikapatikana. Mtumiaji ajue, hata hivyo, kwamba orodha hiyo si lazima iwe fupi kuliko zote zinazowezekana.

Anayetilia shaka jibu la «haiwezekani» halazimiki kuliamini hivi hivi, kwa sababu programu huweza kuandika uthibitisho wake katika muundo wa DRAT au LRAT, ukakaguliwa na programu nyingine ndogo iliyo huru. Mafaili hayo huwa makubwa, kwa hiyo tenga nafasi ya kutosha kwenye diski.

Udhaifu wake mkubwa ni kuhesabu. Waambie njiwa 11 waingie katika matundu 10, kila mmoja katika tundu lake: mtoto anaona kuwa hawatoshi, lakini fomula yake, yenye vigeu 110 na vishazi 561 tu, ni mzigo mzito kwa kisuluhishi cha aina hii. Armin Haken alithibitisha mwaka 1985 kwamba kwa kanuni ya rezolushoni, yaani kuunganisha vishazi viwili kuwa kimoja kwa kuondoa kigeu vinachopingana juu yake, ambayo ndiyo msingi wa kujifunza kutokana na migongano, uthibitisho wa njiwa hukua kwa kasi ya kutisha kadiri idadi yao inavyoongezeka. Dawa ipo mikononi mwa mtumiaji. Ikiwa kumbi tatu zinafanana kabisa, ongeza vishazi vinavyozipanga kwa zamu, ili programu isipoteze muda kujaribu mpangilio uleule kwa majina tofauti. Na fomula yako ikiwa imejaa milinganyo ya «ama hiki ama kile, si vyote viwili», kama ilivyo katika usimbaji fiche, jaribu kwanza kisuluhishi kingine, CryptoMiniSat, ambacho kinajua kuondoa vigeu kwa njia ya Gauss ya kutatua milinganyo.

Maelezo mengi ya matumizi yamo ndani ya msimbo wenyewe, jambo linalomchosha anayeanza. Mwalimu anayejua Python aanze na maktaba ya PySAT, ambayo huja na CaDiCaL ndani yake, akaandike kanuni mbili au tatu za ratiba yake kabla ya kuongeza nyingine.