Boksi la fundi saa la vipande 147: nilivyobakiza na nilivyoweka kando

Nimevihesabu kimoja kimoja juu ya kitambaa cheupe: vipini vya mkanda, vile vijiti vidogo vya kushikia mkanda kwenye saa, 108. Boksi limeandikwa vipande 147, kwa hiyo vifaa vyenyewe ni 39, na hapo umehesabu mpaka vijiti vya chuma vya kusukumia pini, ambavyo vyote kazi yao ni moja. Nalisema hili mapema kwa sababu ile 147 ndiyo iliyonivuta. Niliona nikishalipata hilo sitanunua tena kitu kingine.

Mimi ni mshonaji, Ngamiani, Barabara ya 13 hapa Tanga. Nguo ndiyo inayonilisha. Saa nazifungua kwa mapenzi, asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla wanafunzi wangu hawajafika na kabla bodaboda hazijaanza kupita. Huu ni mwaka wa tatu, na nimeshafufua saa kumi na moja, zote za mkono, za kutia ufunguo au za kujitia zenyewe. Za betri sijazijaribu na sizisemi humu. Boksi nililiagiza Kariakoo kwa 48,000, na 5,000 ya kulipandisha basi. Nimelitumia zaidi ya mwaka, kwa hiyo ninayoyasema si ya siku ya kwanza.

Bisibisi zake ni tano, nazo ndizo zilizoniumiza moyo kuliko chochote. Skrubu ya saa ukiiweka kwenye ncha ya kidole uzito wake huusikii. Mfereji wake unataka bisibisi inayoujaza: upana ulingane na kichwa cha skrubu, na ncha ifike chini ya mfereji bila kuchezacheza. Ikiwa nyembamba, nguvu yote inabebwa na kona mbili tu, na chuma kikiwa laini kona hizo zinalala. Siku ya pili nilikuwa kwenye Seiko 5 ya mjomba. Nikabana, nikazungusha, nikasikia kitu kimelegea, nikafurahi. Kuinamia kwa kioo: skrubu iko palepale, ncha ya bisibisi imejikunja kama ukucha wa paka, na kwenye chuma cha mashine kuna mkwaruzo mweupe unaong'aa. Mjomba hajui. Mimi nauona kila nikifungua mfuniko.

Seiko 5 wazee wengi hapa mjini wanazo. Ya mjomba aliletewa na ndugu yake kutoka Muscat, siku za wiki zimeandikwa Kiingereza na Kiarabu. Jina hilo la Seiko 5 lilianza 1963, lakini mashine iliyomo kwenye yake ni ile ya 7S26, iliyotoka 1996: vito 21, yaani vijiwe vinavyobeba ekseli za magurudumu, na inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde. Ukiiweka sikioni utadhani cherehani iko nyumba ya tatu. Kwa mkono huwezi kuitia ufunguo, inajitia kwa mtikisiko wa mkono wa mvaaji. Na hapo ndipo bisibisi mbovu inapokuwa hatari, si kero tu. Kabla hujatoa daraja lolote, yaani bamba linaloshikilia magurudumu, lazima uiachie springi kuu, ile inayoiendesha saa, ilegee. Unaweka bisibisi kwenye skrubu ya gurudumu linaloikaza, unaisukuma kidogo kama unayekaza, halafu kwa mkono wa pili unakisogeza pembeni kile kizuizi kidogo kwa kijiti, na unaliacha gurudumu lirudi polepole chini ya mkono wako. Nguvu yote ya springi iko kwenye ile ncha. Ikiteleza, gurudumu linarudi kwa kishindo na meno yanaweza kwenda.

Basi nikamwomba binamu yangu aliyekuwa Dubai aniletee bisibisi tatu tu za Bergeon, ile kampuni ya Uswisi ya Le Locle iliyoanza 1791. Ya njano ni milimita 0.8, nyeusi 1.0, nyekundu 1.2. Hizo tatu zimenigharimu kuliko boksi zima. Sijutii hata shilingi. Kichwa chake kinazunguka chenyewe chini ya kidole cha shahada, shina unalizungusha kwa vidole viwili, na mkono hauchoki. Kwa saa zangu nyingi hizo tatu zinatosha.

Kibanio cha kwenye boksi ncha zake hazikutani. Ukibana sana ndiyo kabisa: ncha zinaachana na kilichokuwemo kinaruka. Nimepoteza springi moja ya kushikia kito kwa sababu yake, ile ndogo yenye umbo la ua, na nimefagia chumba kizima kwa mikono nikiwa nimepiga magoti. Sasa nikifikia springi yoyote ndogo naingiza mikono yote miwili pamoja na saa ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, ule mpana wa kufungia shuka mpya, na kazi naifanyia humohumo. Ikiruka, inaruka ndani ya mfuko. Hili halina gharama, na ningelijua tangu mwanzo ningekuwa na springi yangu.

Kifungulio cha mfuniko chenye miguu mitatu kinafaa kwa saa ambayo haijawahi kusumbua. Kwa mfuniko ulioshikwa na jasho la miaka kumi, miguu inateleza na kuchora. Jaribu kwanza mpira wa kufungulia, ule laini wa kujaa kiganja: unaukandamiza juu ya mfuniko mkavu na kuzungusha kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Mifuniko saba kati ya kumi na moja yangu imefunguka kwa mpira peke yake. Ukishafungua, ule mpira mwembamba wa kuzuia maji ulio ukingoni uuangalie. Ukiwa umekauka, usiurudishe.

Vizuri vilivyomo: nyundo ndogo, kishikio cha kupunguzia mkanda wa chuma, na kisu cha mifuniko ya kubandua. Hivyo natumia bila malalamiko. Vipini 108 nimempelekea fundi saa mmoja mzee anayekaa kibarazani, mtaa wa pili kutoka kwangu, kwa sababu yeye ndiye anayeletewa mikanda iliyokatika kila siku. Jasho letu na chumvi ya bahari vinakula vipini upesi. Alichagua vya milimita 18 na 20 kwanza, vingine akavitia kwenye kopo.

Huyo mzee ndiye aliyenirekebisha kwenye jambo la mafuta. Boksi halina mafuta hata tone. Mimi mafuta ninayo, chupa nzima, ya cherehani, nami nikaona ni mashine zote. Nikaitia saa ya kwanza. Ilikwenda vizuri wiki tatu, ikaanza kuchelewa, ikasimama. Nikampelekea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umeitia mafuta gani?"

Nilipomwambia aliiweka chini ya kioo chake, akaniita nitazame. Mafuta hayakuwa mahali nilipoyatia. Yalikuwa yametambaa, yamepanda kwenye bamba na kulowesha magurudumu, na kwenye vito kumebaki ukungu tu. Mafuta ya cherehani yametengenezwa yatiririke na kuongezwa kila mara. Saa inataka tone likae palepale miaka. Sasa ninatumia mafuta ya saa, Moebius 9010, kwa magurudumu mepesi yanayokwenda mbio, kachupa ka mililita 2 ambako mtu akikuona umekalipia atakushangaa. Lakini saa moja haili hata tone zima la kawaida. Kachupa kangu kana mwaka na bado kamejaa. Kwa sehemu nzito zinazokwenda taratibu unahitaji mazito zaidi, hayo sijapata bado, na ndiyo maana springi kuu za watu sijaanza kuzitoa na kuzitia mafuta.

Kijiti cha kutilia nimejitengenezea. Nimechukua sindano nyembamba ya mkono, nikaisawazisha ncha kwenye jiwe la kunolea mkasi mpaka ikawa bapa kama kijisepetu, nikaichomeka kwenye kipande cha mti. Unaichovya, inabeba kitone usichokiona bila kioo. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni hii: unakilaza kile kito bapa kinachofunika ekseli ya gurudumu linalocheza, kimesafishwa mpaka kinameta, unakigusa katikati mara moja. Mafuta yanabaki yamesimama kama tone la umande kwenye jani la mgomba, duara safi, nalo lisifike ukingoni. Likifika ukingoni umezidisha: unakiosha, unaanza upya. Nimewahi kukiosha kimoja mara nne kabla sijaridhika.

Kuoshea natumia petroli ya viberiti, dirisha wazi, jiko limezimwa, na hata pasi haijachomekwa. Angalizo moja: usitie kwenye spiriti kile kidude chenye pembe mbili zenye vito, kinachopokezana na gurudumu la mwisho. Vito vyake mara nyingi vimegandishwa kwa gundi asilia ambayo spiriti inaiyeyusha.

Kitu kingine kisichokuwemo kwenye boksi ni cha kuondolea sumaku, na hiki mshonaji anakihitaji kuliko mtu yeyote. Saa ya mjomba nilipoirudisha pamoja, ilikwenda. Asubuhi saa moja niliilinganisha na simu. Magharibi ilikuwa mbele dakika 25. Nikaifungua nikidhani nimekosea mafuta, nikaiosha, nikaitia upya, na kesho yake ikawa vilevile. Nikaifungua mara ya pili. Yule babu alipoishika hakuifungua. Alitoa mfukoni dira ndogo ya kuangalia kibla, akaiweka mezani, akaisogeza saa. Sindano ya dira ikaifuata saa kama mtoto anayemfuata mama.

"Mwanangu, mezani kwako kuna sumaku?"

Ipo. Sumaku ya kuokotea pini, imekaa upande wa kulia wa meza yangu miaka tisa, mahali hasa nilipokuwa nailaza saa nikienda kunywa chai. Ule uzi wa springi mwembamba kama unywele, uliojizungusha kama koili ya dawa ya mbu, ukishika sumaku mizunguko yake inagusana. Ni kama springi imefupishwa, na springi fupi hupiga upesi. Kibanio changu nacho kilikuwa kimeshika: kilikuwa kikinyanyua skrubu kabla sijakibana, nami nikaona ni uhodari wa kibanio.

Kiboksi cha buluu cha kuondolea nilikipata kwa 22,000, kinachomekwa kwenye umeme. Saa unailaza juu, unabonyeza kitufe, na huku bado umebonyeza unainyanyua polepole mpaka mkono unyooke, ndipo unaachia. Ukiachia mapema, unaweza kuiacha na sumaku nyingine. Sekunde chache zinatosha, kwa sababu kinapata moto haraka. Saa ya mjomba baada ya hapo, siku nzima, ilipishana na simu sekunde 14. Pini zangu sasa zinakaa kwenye kimto cha kitambaa, na ile sumaku iko chumba kingine.

Kuhusu hali ya hewa yetu: kaskazi ikiwa kali huwezi kuwasha feni, itapeperusha kila kitu na kuleta vumbi. Bila feni unatoka jasho, na alama ya kidole chenye jasho kwenye chuma huwa kutu kabla ya Ijumaa mbili. Nimekata ncha za glavu za hospitali, navaa kwenye vidole vitatu vya kila mkono. Saa mbili asubuhi ikifika, kazi naifunika kwa kikombe cha kioo. Jioni siigusi.

Kwa hiyo, kama unataka kubadilisha mikanda na kufungua mifuniko, boksi hili litakufaa, na bei yake si mbaya. Kama unataka kuingia ndani ya mashine, ile 48,000 anzia nayo kwenye kioo cha jicho kinachokuza mara kumi na kiboksi cha buluu, halafu dunduliza kwa ajili ya bisibisi moja nzuri ya 1.2, kisha kibanio. Jifunzie kwenye saa iliyokufa ambayo haina mwenyewe.

Na kama umeshalinunua, bisibisi zake usizitupe, zinoe. Jiwe laini, tone la mafuta ya cherehani, hapa ndipo mahali pake. Ilaze ncha karibu na ubapa wa jiwe, ivute kuja kwako mara kumi, geuza, mara kumi tena, kisha isimamishe wima uguse mara moja kuondoa ukali wa wembe. Iingize kwenye skrubu ya saa mbovu uone kama inafika chini ya mfereji bila kucheza. Chuma chake ni laini, kwa hiyo mimi ninanoa kila baada ya skrubu sita au saba.