Gundi ya Epoksi kwa Mabomba na Vyuma: Ipi Inunuliwe Bukavu

Anayeingia kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za Kadutu, hapa Bukavu, na kuomba "kole ya chuma", yaani gundi ya chuma, anaweza kupewa vitu vinne visivyofanana, na muuzaji akavisifu vyote kwa maneno yaleyale. Nimevitumia vyote vinne, kwenye bomba la mabati lililoliwa na kutu, kwenye tanki la pikipiki na kwenye mikono ya robine (koki ya maji). Katika kuvipanga nimetanguliza swali moja kabla ya bei: je, mahali panapovuja panaweza kukaushwa kabisa? Katika mitaa ambako maji huja kwa zamu, fundi hufanya kazi saa ambazo bomba halina maji, lakini uzi wa maungio hubaki na unyevu ambao kitambaa hakiumalizi.

Kwa sababu hiyo, kwa kazi za maji naweka juu kijiti cha udongo wa epoksi. Resini na kigumishi, yaani sehemu mbili za epoksi ambazo huganda zikichanganywa, vimo katika kijiti kimoja: ukikata kipande kwa wembe utaona kiini cha rangi moja kimezungukwa na ganda la rangi nyingine, kama yai lililochemshwa. Unakanda kwa vidole vyenye glavu mpaka rangi iwe moja, na maadamu unaona mistari, kazi bado. Udongo ukianza kupata joto mkononi, ujue umebakiwa na dakika chache tu, kwa hiyo ukandamize juu ya ufa mara moja, upite kingo zake kwa sentimita mbili hivi kila upande. WaterWeld ya kampuni ya J-B Weld, ambayo kijiti chake kina gramu 57, huganda kwa takriban dakika 25 na hukomaa baada ya saa moja, hata ikiwa chini ya maji. Hata hivyo, udongo wa aina hii hauwezi kushindana na maji yanayoruka kwa shinikizo: lazima valvu ifungwe kwanza. Ikiwa bomba ni la maji ya kunywa, tafuta kwenye kifungashio alama ya NSF/ANSI 61, kiwango cha usalama cha vitu vinavyogusa maji ya kunywa.

Kabla ya kulipa, bonyeza kijiti kwa kidole gumba juu ya plastiki yake. Niliwahi kununua kimoja bila kukijaribu. Ganda lilikuwa limekauka, punje ngumu zikabaki katika mchanganyiko, na siku ya pili kiraka kilibanduka chote kama gamba.

Nafasi ya pili naipa epoksi ya mirija miwili iliyochanganywa na unga wa chuma, na pale ambapo hakuna maji kabisa ningeipandisha iwe ya kwanza. J-B Weld ya asili, ya kampuni iliyoanza Texas mwaka 1969, huchanganywa nusu kwa nusu, huganda kwa saa 4 hadi 6, hukomaa kwa saa 15 hadi 24, na mtengenezaji anasema inastahimili joto la nyuzi 287 za Selsiasi. Hiyo ndiyo ya tanki na ya mwili wa pampu. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi unaopunguza kasi ya gundi hii, kwa hiyo mimi huiacha siku nzima na usiku wake kabla ya kuigusa. Chuma kipigwe msasa mpaka king'ae, kisha kifutwe kwa asetoni, kwa kuwa petroli huacha mafuta.

Epoksi ya dakika tano, ile ya sindano pacha, ni ya tatu. Inafaa kushika mkono wa robine au kipande kidogo kilichovunjika, lakini dakika hizo tano zinahesabiwa tangu kuchanganya, si tangu kupaka, na wengi huchelewa. Kwenye bomba sipendekezi.

Mastike ya gereji, ile ya kujazia mabonde kwenye bodi ya gari, inashika mkia. Ni poliesta, si epoksi, na hunyonya maji. Kopo lake kubwa na bei yake ndogo ndivyo vinavyowadanganya watu.

Yapo mabomba ambayo hakuna kati ya hizi inayoyafaa. Bomba jeusi la polietilini na lile la PPR (plastiki ya polipropilini) hayashikwi na epoksi, hata ukiyapiga msasa kwa saa nzima. Kwa polietilini nunua kiungo cha kukaza, na PPR ipeleke kwa mwenye mashine ya kuyeyushia. Mrija wa breki na mtungi wa gesi havitengenezwi kwa gundi yoyote.

Kwa nyumba ya kawaida kijiti kimoja kinatosha nyufa kadhaa, mradi kinachobaki kirudishwe katika plastiki yake na kufungwa vizuri.